Mahindi Niliyoyasafisha Mno

Harufu ya mahindi yakichemka kwenye maji ya chokaa ilipanda ngazi za jengo letu pale Wembley, London, mpaka mlangoni kwetu, nzito, kama udongo ulioloa mvua ya kwanza. Nilikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, na kila nilipoisikia nilivaa ndala nikashuka mbio kwa Anti Rosaura. Alikuwa Mmeksiko, mwandishi wa vitabu vya mapishi; alizunguka vijiji vya kwao akiandika vyakula ambavyo sasa vinajulikana na vikongwe tu. Shuleni sikuwa na sauti. Jikoni kwake nilikuwa na kazi, jamani, kazi kweli!

Siku hiyo alinikabidhi mahindi mekundu aliyopewa na bibi mmoja kijijini, yamekwisha kuchemka kwenye chokaa na maganda yamelegea. Hakuwa na mengine. Alitaka kujaribu chapati za bibi huyo, kisha kitabu kiende kuchapishwa. "Yaoshe kidogo tu," akasema, akaenda kupokea simu. Kidogo? Mimi ni Mkamba! Tulipokwenda Machakos, nyanya alinionyesha muthokoi, mahindi yaliyotolewa maganda, na kwake ganda moja likibaki ni aibu ya nyumba nzima. Basi nikasugua, nikasugua, mpaka kila punje ikang'aa, roho yangu kwatu.

Alisaga nusu, akakanda. Unga ukakataa kushikana. Kila chapati ilimpasukia mikononi. Akafungua daftari, uso umemshuka. "Labda bibi alinificha kitu," akanong'ona, akashika kalamu ayafute mapishi yale. 

"Anti, usifute! Ni mimi. Nimetoa maganda yote."

"Yote?"

"Hata vile vichwa vyeusi vya punje."

Akaokota punje, akaigeuza, akaangua kicheko. "Wewe mtoto! Maganda kidogo ndiyo yanayoushika unga. Nani kakufundisha usafi wa namna hii?" Nikamweleza, maneno yakinitoka mbiombio, naye akiandika. Nusu iliyobaki akaitia kwenye sufuria ya kuku na pilipili, punje zikachanua kama maua. Mama alitoka kazini akala mabakuli mawili. "Si muthokoi hii? Mmeipaka rangi tu!"

Sasa nina miaka kumi na sita, na darasani bado naona haya kunyoosha mkono. Anti Rosaura amerudi kwao. Kitabu tunacho. Chapati za yule bibi zimo, ukurasa mzima, na chini yake kuna onyo: usioshe sana, acha maganda kidogo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote shuleni kwamba onyo hilo ni langu.