Mke wa Ujiji, Mjane wa Kambini

Saumu wa Kasingirima, mtaa wa Ujiji, alikuwa mke mjini na mjane katika kambi ya wakimbizi, na kwa muda mrefu hakuona ajabu yoyote. Kila siku ya soko la kambini alipakia viroba vyake vya dagaa kwenye lori, akajifunga doti yake ya maua, na majirani wakamwambia, "Msalimie mama mkwe, na ukisikia habari za mwenzio utuletee." Lori likifika Kidahwe, pale kizuizini ambapo askari hukagua vibali kwa raha zao, alishuka, akapita nyuma ya kibanda cha muuza mihogo, akatokea amevaa kaniki ya msiba. Kambini wanawake walimshika mikono yote miwili. "Ihangane, mwana wacu," walimwambia, yaani avumilie. Naye alivumilia. Jioni, njiani kurudi, maua yalirudi mwilini.

Mume aliyemfanya awe hivyo alikuwa mmoja tu. Alizaliwa Burundi akaitwa Bucumi. Mauaji ya mwaka sabini na mbili yalimleta Ujiji akiwa mtoto, mgongoni mwa mjomba, na huko akakua, akasilimu, akawa Swaibu, akamwoa Saumu. Mama yake, Ntakarutimana, alibaki nyuma, na kila mtu alimhesabu kuwa ni marehemu mpaka vita vya baadaye vilipomsukuma naye akavuka mpaka, akawekwa kambini upande wa Kasulu. Mama na mwana walipoonana walilia kama watoto. Kisha mama akasema dada yake Swaibu yuko Uvira, ng'ambo ya ziwa, na Swaibu akaahidi kumfuata. Huo ulikuwa mwaka tisini na sita, Zaire inawaka moto. Alipanda boti la mbao pamoja na wafanyabiashara wa mafuta ya mawese, na boti lile halikuonekana tena.

Mmoja alisema lilipigwa na dhoruba. Mwingine alisema lilitekwa na wanajeshi, abiria wakapelekwa wasikojulikana. Muuza vitenge mmoja aliapa kwamba amemwona Swaibu Kalemie akiuza sabuni, amenenepa, na kesho yake akasema pengine alikuwa mtu wa kufanana naye. Watu wa namna hii ningewafunga midomo kwa kamba.

Kambini, ukoo wa Swaibu ulifanya unavyojua. Walinyoa vichwa, waliweka majembe chini, kisha wakafanya kuganduka, yaani wakamaliza msiba na kurudi shambani. Ujiji hakuna aliyekaa matanga, maana hakuna aliyeleta habari ya kifo. Saumu angeweza kuwaambia hawa wanachofanya wale. Hakuwaambia. Labda ni woga, labda ni adabu. Aliona tu kwamba kila upande una haki yake, na yeye si mtu wa kuwaharibia.

Mambo yakaenda hivyo mpaka alipotokea Saad, fundi wa injini za boti, mtu mpole aliyefiwa na mke. Saad hakusema neno, kwa kuwa mke wa mtu haposwi. Ila shangazi yake alianza kupita kwa Saumu kila mara, akikaa kibarazani na kuuliza kwa sauti ya kujali, "Hivi mambo ya mwenzio yamefikia wapi, mwanangu?" Saumu alielewa. Tena, tuseme ukweli, alifurahi, na furaha ile ikamtia hofu. Sasa alitakiwa kujua: ni mke au ni mjane? Mwanamke hawezi kuolewa nusu.

Akaanza kwa Mzee Martini, mvuvi aliyezeekea ziwani.

"Shikamoo Mzee. Mtu akizama, baada ya muda gani haonekani tena?"

"Marahaba. Inategemea kazama wapi. Huku kando anaibuka. Kule katikati chini kuna baridi kali, mtu akishuka huko hapandi. Kwa hiyo kutomwona hakuniambii kwamba kafa, na hakuniambii kwamba yu hai."

"Basi kunakwambia nini?"

"Kwamba ziwa ni refu kwenda chini," alisema Mzee Martini, akaendelea kushona wavu.

Daktari wa zahanati alimsikiliza vizuri, akamwambia wao huthibitisha kifo mbele ya mwili, na mwili hana. Karani wa mahakama alisema sheria ina miaka yake ya kungoja, na ikipita, mtu huhesabiwa amekufa. "Na akirudi?" aliuliza Saumu. "Akirudi, basi hakufa," alijibu karani, kana kwamba jambo hilo ni jepesi. Kule kambini, kijana wa ofisi ya kutafuta waliopotea alimweleza kwamba kwao kuna watu wa aina mbili tu, waliopatikana na wanaoendelea kutafutwa. Waliokufa bila kuonekana wako upande gani? Kijana alifikiri sana, akasema wako kwa wanaotafutwa.

Saumu alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Wote walikuwa wakweli, hilo ndilo lililomchosha. Kila mmoja alimsindikiza hadi pale ujuzi wake ulipoishia, akamwonyesha njia ya kwa mwenzake. Usiku wa kwanza alilala akiwa mjane, akaamka akiwa mke, na alipoona nguo za Swaibu bado zimetundikwa ukutani akakasirika. Alimkasirikia yeye Swaibu. Mtu gani asiyeweza hata kufa ikaeleweka?

Mwisho alikwenda kwa Sheikh. Naye hakuficha. "Wako wanazuoni waliosema mke angoje miaka minne, wako waliosema angoje mpaka yakini."

"Yakini ndiyo ipi, Sheikh?"

"Jambo ambalo moyo hauna shaka nalo."

"Moyo wangu una shaka hata na chumvi niliyoitia mimi mwenyewe chunguni."

Sheikh alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliuliza boti liliondoka lini, akawaita wazee wenzake wakashauriana, wakaona miaka minne imekwishapita. Akatamka kwamba Swaibu amehesabiwa kuwa maiti, na mkewe akae eda. Saumu alijifunga nguo nyeupe, akakaa ndani. Alitegemea atalia. Badala yake alikaa akishangaa, hajui alie nini hasa.

Habari zikapanda mpaka kambini. Haukupita muda, Ntakarutimana akahangaikia kibali na kufika Kasingirima, vumbi mpaka kwenye nyusi. Saumu alimwamkia, akamwekea mkeka. Bibi hakukaa.

"Mukazana wanje," alimwita, yaani mkwe wangu, "nani kakwambia mwanangu amekufa?"

"Sheikh, mama."

"Yeye kamwona?"

"Hajamwona."

Bibi akaishika ile nguo nyeupe ya Saumu, kama anataka kumvua. Saumu akachanganyikiwa kabisa. "Lakini mama, wewe ndiye uliyemlilia kwanza. Ulinyoa kichwa, mkaganduka. Mimi nimechelewa tu kufika pale mlipo."

"Nilinyoa, ndiyo. Nilimlilia kwa kuwa wewe ulikuwa unamngoja." Sasa aliketi, si mkekani, bali chini, mavumbini. "Unafikiri sijui habari za maua yako? Muuza mihogo wa Kidahwe ni mtu wetu. Kila ukija na kaniki, mimi nalia na wenzangu, halafu nalala nikisema, kule Ujiji kuna mtu anavaa maua kwa ajili ya Bucumi. Sasa tukilia wote wawili, mwana wanje, si atakuwa amekufa?"

Saumu aliona kwa mara ya kwanza kwamba hata yeye alimudu kungoja kwa sababu kule kambini kulikuwa na mtu aliyekwisha kulia kwa niaba yake. Ndipo machozi yakaja, mengi, na wala hakujua ni ya mume au ya mama huyu aliyekaa chini.

Bibi alimwacha alie. Alipotulia, akamfuta uso kwa upindo wa nguo yake. "Haya. Wewe lia," alisema. "Nitamngoja mimi."

Eda ikaisha. Shangazi wa Saad akaja safari hii na maneno kamili, na Saumu akaolewa na Saad mchana kweupe, kwa pilau na kaswida. Kambini Ntakarutimana aliwaambia majirani kwamba mwanawe yuko safarini, na wale waliomsaidia kulia wakatazamana, wakasema ni uzee.

Soko la kwanza baada ya harusi, Saumu alipanda tena na viroba vyake. Alikusudia kumweleza mama yule kwa upole kwamba sasa yuko kwa mtu mwingine. Bibi hakumpa nafasi. Alimshika mkono, akampeleka mbele ya wanawake waliokaa wakichambua maharage.

"Huyu ni mke wa mwanangu," akawaambia. "Anamngoja mume wake."

Wanawake wote walimtazama Saumu. Kule Kasingirima, Saad alikuwa amekwishanunua mkaa wa kupikia chakula cha jioni.

"Ndiyo, mama," alisema Saumu. "Tunamngoja."