Baba mkwe wangu ni mwanamke, na nilikataa kula naye

Wakuu, habari za mchana. Hiki kisa sijakitia chumvi, kimenikuta mwenyewe, Msukuma wa Buswelu, na mjomba wangu akikikumbuka anacheka peke yake hadi leo.

Mchumba wangu ni Mkurya, wazazi wake wanaishi Kisesa. Kabla sijapeleka posa aliniambia wazi: "Kwetu baba ni mwanamke. Alimuoa mama kwa ng'ombe."

Kwa wasiojua, ndoa hii Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa binti, na watoto ambao binti atazaa na mwanaume wa nje ni wa nyumba yake. Sio mapenzi, najua kuna watu humu mshaanza kuwaza yenu. Ni mila ya tangu zamani.

Nikamjibu freshi, nimeelewa. Kumbe kichwa kimeelewa, mwili bado.

Siku ya posa nikaenda na mjomba kama mshenga. Akatoka bibi mmoja, kitenge kiunoni, fimbo mkononi. Ndiye baba.

Sasa mimi nimelelewa hivi: mama mkwe humpi mkono, humtazami usoni, na kula mbele yake ni aibu kubwa. Nikajikuta nimeinama, nimesogea pembeni, nasalimia ukuta: "Shikamoo mama."

Akatuonyesha viti kwa fimbo.

Mchumba akaleta ugali na kuku. Bibi akanawa, akanisubiri. Mimi nimegeukia mlangoni nasema nimeshiba, na tumbo linanguruma mjomba anasikia.

Bibi akamwambia mjomba kwa upole kabisa: "Huyu kijana amekuja kuposa, au amekuja kunivua ubaba huku mke wangu anasikia jikoni? Mwende tu salama."

Wakuu, nilimuona mchumba anaondoka hivi hivi. Niliogopa kweli. Mjomba akanikanyaga mguu.

Nikageuka, nikamtazama bibi usoni, nikampa mkono. "Shikamoo baba. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Kula."

Nikala. Nikanogewa, nimeshika paja la pili, mara mama mkwe mwenyewe akatokea jikoni na jagi la maji. Nikazama chini ya meza na paja langu mdomoni.

Bibi alicheka hadi akafuta machozi kwa kitenge. "Haya, huyo ndiye wa kumkimbia," akasema. "Mshenga, tuongee ng'ombe."

Nilichojifunza: ukienda ukweni, muulize mwenye nyumba anaheshimiwaje, usibebe tu adabu za kwenu.

Haya, wenye wakwe wa makabila mengine leteni visa vyenu. Na Wasukuma wenzangu, nyie mama mkwe akitokea ghafla mnajificha wapi? Maana ile meza ilikuwa fupi.