Dirisha la Upande wa Zizi

Kaka yangu mkubwa alikuja na nyundo na misumari ya inchi nne kulipigilia dirisha la chumba cha baba, nami nikasimama mbele ya dirisha lile kama ng'ombe aliyekataa josho.

"Halifunguki, na mvua inaingia kwa juu," alisema. "Linataka nini zaidi ya msumari?"

Baba alikuwa kitandani, anatutazama. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia, na maneno yalimtoka moja moja. Nilikuwa nimeacha nyumba yangu Malampaka nikarudi kwetu, upande wa Lalago, kumuuguza. Dirisha lake linatazama zizi. Kabla halijaanza kukwama, kila asubuhi alilisukuma kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki, akawaangalia ng'ombe wake wakitoka. Hakuwa akihesabu. Alitazama rangi, pembe na mwendo, basi, akajua nani hayupo. Tangu dirisha ligome, habari za zizi alizipata kwa mdomo wa kaka, na habari za kaka zilikuwa nzuri kila siku. Mimi ng'ombe wale sikuwajua tena. Walikuwa wamezaliwa nikiwa nimeshaolewa.

"Nitalitengeneza," nikasema.

"Wewe umeolewa, mayu. Hapa si kwako."

Niliudhika mpaka masikio yakawaka moto. "Dirisha ni la baba. Muulize baba."

Hakumuuliza. Aliacha nyundo na misumari juu ya stuli, akasema atarudi kesho asubuhi, akishafungulia ng'ombe.

Nilianza vibaya, nakiri. Nililisukuma kwa bega mpaka likaachia, nikalipaka sabuni ya mche kingo zote. Likateleza mara mbili, likakwama tena. Nikaazima randa kwa jirani, na nilikuwa nimeshaiweka juu ya ubao baba aliponguruma.

"Hapana."

Nikasubiri neno la pili.

"Kiangazi."

Nikaelewa. Kwetu nyumba zinajengwa pamba ikishauzwa, jua kali, mbao zimekauka kabisa. Mvua zikija mbao zinavimba, watu wote wanakimbilia randa, halafu kiangazi kikirudi wanaziba nyufa kwa matambara. Sikutaka baba yangu alale na tambara dirishani.

Nikaweka randa chini, nikapiga magoti, nikatazama vizuri. Ubao ulikuwa umesuguliwa mpaka kung'aa mahali pamoja tu, kona ya chini, mbali na bawaba. Kumbe dirisha lilikuwa limeinama. Skrubu za bawaba ya juu zilikuwa zinacheza matunduni, na nilipozikaza kwa bisibisi ya cherehani zilizunguka tu bila kushika. Nikachonga vijiti kutoka kwenye mpini wa jembe uliovunjika, nikavigongelea ndani ya yale matundu kwa nyundo ya kaka, nikarudisha skrubu. Zikashika. Nyuma ya bawaba ya chini nikaweka kipande cha kadibodi cha boksi la sabuni, ili ile kona inyanyuke. Kimoja hakikutosha. Nikaongeza cha pili.

Likafunguka kwa kidole changu kimoja. Lakini kidole changu hakikuwa na maana yoyote. Jioni ile sikumwambia baba ajaribu, niliogopa.

Asubuhi nilisikia kaka akiondoa miti ya mlango wa zizi. Nikamwinua baba, nikamwegemeza kwenye mito. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye ubao. Mikono yangu niliikalia, isije ikamsaidia. Dirisha likaenda mpaka mwisho, wala halikulia.

Kaka aligeuka pale kwenye matope.

"Mwangaluka, baba."

Baba hakuitikia salamu. Aliwatazama ng'ombe wakipita mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, na mimi nikimtazama yeye. Kisha akasema, polepole, na kila neno likatoka zima:

"Yule mweusi. Wa paji jeupe. Yuko wapi?"

Katika habari zake zote nzuri, kaka hakuwahi kusema kuna aliyepungua. Akainama kushughulikia miti ya mlango, ingawa zizi lilikuwa tupu. Baba hakuondoa mkono dirishani. Nikaichukua misumari juu ya stuli, yote, nikamwita kaka, nikamrudishia kupitia dirishani.