Wanaficha

Neno lenyewe liliandikwa kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wa mwisho wa dodoso langu: WANAFICHA. Hakukuwa na maelezo mengine. Kwenye maswali yote ya juu, msimamizi wa karakana alikuwa ametia vema katika kisanduku cha katikati, kile cha "wastani", kama mtu anayetaka karatasi iondoke mezani kwake haraka.

Nilikuwa na mkataba wa miezi michache na chuo kimoja cha ufundi stadi hapa Moshi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa waajiri, kuanzia gereji za Kwa Sadala hadi viwanda vya tambarare njia ya Kahe, niwaulize wanataka nini kwa wahitimu wetu ili chuo kirekebishe mafunzo. Nina shahada ya sosholojia. Chuma sikijui. Ninachojua ni kuuliza. Mama husema kabla sijaanza shule nilishamchosha kwa kutaka kujua kwa nini ng'ombe wetu hatoki bandani ila majani ndiyo yanayopandishwa mlimani kumfuata.

Nilipokaa kuingiza majibu kwenye jedwali nilikuwa na safu nne: ujuzi, lugha, nidhamu, mengineyo. "Wanaficha" nikaliweka kwenye nidhamu. Wanaficha nini? Sikumpigia yule msimamizi kumuuliza. Waajiri wawili watatu walishalalamika kuhusu vifaa kupotea, kwa hiyo nilidhani najua. Ripoti ikasema waajiri wana wasiwasi na uaminifu wa wahitimu. Wadau wakaitwa, wakanywa chai, wakapiga makofi, na muhula uliofuata chuo kikaongeza kipindi cha maadili kazini.

Mdogo wangu alikuwa kwenye darasa hilo, mwaka wake wa mwisho wa kuchomelea vyuma.

"Saa mbili nzima, dada," aliniambia jioni moja tukimenya ndizi jikoni kwa mama. "Saa mbili tunafundishwa tusiibe rodi za kuchomelea. Mimi nimeiba rodi ya nani?"

"Waajiri ndio waliosema."

"Walimwambia nani?"

"Mimi."

"Na wewe ukaamini! Wewe, ambaye hata padri akihubiri unakunja uso."

Mama alicheka. Mimi nikacheka pia, nikaendelea kumenya. Ripoti ilikuwa imeshapokelewa, na nilikuwa najisikia mtu aliyefanya kazi.

Mdogo wangu alishika chuma kwa sababu ya alama moja. Kidato cha nne alifeli fizikia, na bila fizikia mlango wa diploma ya uhandisi mitambo ulikuwa umefungwa. Nilibishana na watu wengi juu ya hilo. Kwa nini fizikia ya ubaoni imzuie mtu anayejua, kabla hajawasha mashine, kwamba bamba likipata moto litavuta upande gani na kwa kiasi gani? Hakuna aliyenijibu. Lakini kulikuwa na njia ya pembeni. Chuo cha diploma kingempokea kwa cheti chake cha ufundi stadi bila fizikia, mradi awe ameajiriwa kiwandani na aje na barua ya mwajiri ya kumruhusu kusoma. Na kiwanda kimoja cha njia ya Kahe, kila kinaposimamisha mitambo kwa matengenezo, kilikuwa kinaajiri wachomeleaji wawili wapya na kuwapa barua ya aina hiyo.

Wawili tu, kwa mtihani wa vitendo. Asipopita, mama alikuwa ameshaongea na mama mdogo mwenye saluni.

"Saluni siendi," mdogo wangu alisema. "Na mageti sitaunga maisha yangu yote. Nataka kuchora mabomba, nimwambie mtu mwingine aunge hapa na hapa."

Wiki mbili kabla ya mtihani alikuwa anashinda mtaa wa Pasua, kwenye karakana ya fundi aliyempokea alipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Chuoni rodi zilikuwa za kugawana, kwa hiyo mkono wake ulikomaa kwa huyu fundi. Baba wa fundi alitoka Tanga, mama yake ni Mchagga wa hapa mjini, na yeye mwenyewe anasema ni kabila la mageti. Mageti yake yanajulikana mpaka mtaa wa Soweto.

Nilipita kumwona siku moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, msomi. Umekuja kutuuliza tena tunaridhika kwa kiasi gani?"

"Nimekuja kumwona mdogo wangu."

"Basi leta mkono." Akanishika kiganja na kukipitisha juu ya geti ambalo halijapakwa rangi, pale vyuma viwili vilipokutana. Sikusikia chochote. "Unasikia kiungo?"

"Hapana."

"Mteja akipitisha mkono asikie sabuni. Akisikia matuta, hata kama geti ni la kuzuia tembo, atasema fundi huyu wa ovyo. Mwambie mdogo wako asisahau grainda."

Mdogo wangu hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa anaunga, anagonga ganda la juu kwa nyundo, kisha anawasha grainda na kuusaga mshono mpaka chuma kinakuwa kimoja. Hata mtihani wa chuo ulikuwa na kipengele cha "usafi wa kazi", na kila mwanafunzi alijua usafi maana yake ni grainda.

Siku ya mtihani nilikwenda kama mwakilishi wa chuo, kwa kuwa nilikuwa nimebakiza siku chache za mkataba na hakuna mwingine aliyetaka kwenda. Watahiniwa walikuwa sita. Wawili walitoka kwetu, mdogo wangu na kijana mmoja mtulivu wa Kibosho. Kila mmoja alipewa kibanda chake cha mabati, mashine, rodi, grainda na vipande viwili vya bamba nene avifanye kimoja. Msimamizi wa karakana, mtu wa Mara mwenye sauti ya kushindana na mitambo, alitoa maelekezo mafupi.

"Unga. Ukimaliza lete. Wasindikizaji mkae pale kwenye benchi. Anayeongea na mtahiniwa, chuo chake chote kinatoka."

Nilikaa. Mtahiniwa wa kwanza kumaliza alikuwa kijana wa chuo kingine. Alileta kipande kinang'aa. Msimamizi akapitisha ukucha juu yake.

"Umeficha nini hapa?"

"Sijaficha, mkuu. Nimesafisha."

"Nilikwambia usafishe? Mimi mshono ndio unaoniambia ulivyokwenda. Kama mkono ulitetemeka nauona. Kama uliharakisha naona. Kama kuna tundu nalitafuta. Sasa umeusaga, naona nini? Naona kazi ya grainda." Akakitupa kipande kwenye pipa la vyuma chakavu. "Huku kuna mvuke, kijana. Asante, nenda."

Kipande kikalia ndani ya pipa. Umeficha nini. Wino mwekundu, herufi kubwa. Nililiona lile neno mahali nilipoliweka, kwenye safu ya tatu, chini ya utoro na matumizi ya simu.

Mdogo wangu hakuwa amesikia. Alikuwa kibanda cha tatu, kinga ya uso imeshushwa, cheche zinachachatika. Nilimwona akifika mwisho wa mshono, akaondoa moto, akainua kinga. Akachukua nyundo na kuanza kugonga ganda. Najua anavyogonga. Baada ya hapo huwa anapuliza vumbi mara mbili, kisha mkono wa kulia unakwenda kwenye grainda.

Nikasimama.

"Samahani, mkuu, nina swali."

"Maswali baada ya mtihani, madam."

"Ni kuhusu mshono, kama—"

"Madam." Hakupaza sauti safari hii. "Neno lingine moja, natoa wako wote wawili."

Kijana wa Kibosho alikuwa kibanda cha nne, bado ameinama. Hajafanya kosa lolote. Mdogo wangu alipuliza vumbi mara ya kwanza. Nilitafuta ishara ambayo si neno. Nilitikisa kichwa. Yeye alikuwa anatazama chuma. Akapuliza mara ya pili.

Nikakaa. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekuwa nimekaa hivyo iwapo kijana wa Kibosho asingekuwepo, na sina jibu ninaloliamini. Grainda ikawaka, na baada ya hapo hata kama ningepiga kelele asingesikia.

Alipomaliza alivua glavu, akapitisha kiganja. Akanitazama na kutabasamu. Sabuni.

Msimamizi alikipokea kipande chake, akapitisha ukucha, akarudia.

"Safi sana hii. Nani kakufundisha, binti?"

"Fundi wangu wa Pasua, mkuu."

"Anatengeneza mageti?"

"Ndiyo."

"Na hili ni geti."

Mafundi waliokuwa wamesimama pembeni wakacheka. Mmoja akasema, "Mkuu, weka komeo tu, tulifunge." Mdogo wangu hakuelewa wanacheka nini, kisha nikamwona anaanza kuelewa. Msimamizi alikuwa anaelekea kwenye pipa.

"Usitupe," mdogo wangu alisema. "Kivunje uone ndani."

"Binti, sheria—"

"Kivunje, mkuu. Naomba."

Msimamizi akamtazama, kisha akakibana kipande kwenye jiliwa, akakikata kidogo kwa msumeno katikati ya mshono, na kukipiga nyundo kubwa mpaka kikaachana. Akakiinua kwenye mwanga. Wale mafundi wakasogea. Hakuna aliyecheka. Hata mimi nisiyejua chuma niliona kwamba ndani kulikuwa na rangi moja ya kijivu toka juu mpaka chini, bila tundu.

"Umeunga vizuri," msimamizi alisema. "Umeunga vizuri kuliko hao wote mpaka sasa."

"Basi?"

"Basi nimejua baada ya kuvunja. Bomba langu la mvuke nitalivunja ndipo nijue kama ni zima?"

Mdogo wangu alitazama tena ule mkato. Alikuwa ameelewa, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alikuwa anakubaliana naye. Msimamizi alimpa vipande vyote viwili mkononi. Havikuingia kwenye pipa, lakini havikuingia kwenye meza ya waliopita pia. Juu ya meza hiyo mwishowe kilikaa cha kijana wa Kibosho, ambaye aliacha mshono wake na matuta yote kwa sababu, alituambia baadaye kwa aibu, grainda aliyopewa ilikataa kuwaka. Nafasi ya pili ilichukuliwa na mtahiniwa aliyewahi kufanya kibarua kwenye boila, mtambo wa kuchemshia mvuke.

Watu walipotawanyika nilimfuata msimamizi.

"Mkuu, ni wewe uliyeandika 'wanaficha' kwenye dodoso la chuo chetu?"

"Ndiyo. Alikuja dada mmoja na mafaili."

"Ni mimi."

Akanitazama vizuri. "Kumbe! Sasa mlifanya nini?"

"Tuliongeza kipindi cha maadili."

Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

"Kwa nini hukuandika kwa urefu?" nilimuuliza, na nilisikia jinsi sauti yangu ilivyotafuta wa kumlaumu.

"Uliniachia mstari mmoja, madam. Na hukurudi kuuliza."

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu. Alisikia yote.

Tulitembea kutoka getini hadi barabara kuu, mashamba ya mpunga kulia na mfereji kushoto. Alibeba vile vipande, kimoja kila mkono. Tulipofika kwenye daraja dogo alisimama.

"Padri unamuuliza. Mama unamuuliza. Ng'ombe ulimuulizia. Hilo neno moja hukuliulizia, dada. Moja tu."

"Nilidhani najua."

"Ndiyo," alisema. "Walivyosema tunaficha, ulituona wezi."



Kesho yake nilikwenda kwa mkuu wa mafunzo chuoni na ukurasa mmoja wa masahihisho. Nilieleza kwamba mhitimu anayetaka kiwanda na anayetaka mageti hawawezi kupimwa kwa usafi wa aina moja, na kwamba mtu wa kutufundisha tofauti hiyo yuko njia ya Kahe, na alishatuambia. Alisoma nikiwa nimesimama. Alisema ni hoja nzuri, ila ripoti imeshapokelewa na mkataba wangu unaisha Ijumaa. Karatasi niliiacha mezani kwake. Sijui kama ilitoka pale.

Mdogo wangu hakwenda saluni. Alirudi Pasua. Siku ya kwanza aliunga kona ya geti, akagonga ganda, akaweka nyundo chini na kutoishika grainda. Fundi alikuja, akapitisha kiganja, akaruka kama ameungua.

"Hii nini? Mgongo wa mamba?"

"Ndivyo kiwanda kinavyotaka."

"Kiwanda kinakuja kununua geti hapa? Saga!"

Alisaga. Lakini walikubaliana kwamba asubuhi, kabla wateja hawajafika, vyuma chakavu ni vyake. Kiwanda kitasimamisha mitambo tena mwakani. Hakuna aliyemwahidi nafasi, na msimamizi alipopigiwa simu alisema tu kwamba aje, atapimwa kama wengine.

Mimi sasa sina mkataba, na asubuhi nyingine huteremka naye Pasua. Hupanga vipande vyake ukutani, havijasagwa, ananiita. Bado ananisemesha kwa ufupi.

"Unaona nini?"

"Mshono."

"Angalia tena."

Nainama. Matuta yamepangana kama sarafu zilizolazwa, halafu karibu na mwisho yanasogeleana, moja limepanda juu ya jingine.

"Hapa," nasema. "Hapa kumetokea nini?"

"Ehee," anasema, na kuvuta ndoo akae. "Sasa uliza."