Mama Mdogo na Gari la Umeme

Mama yangu alikuwa hapandi gari. Harufu ya mafuta, iwe petroli au dizeli, ilimchafua tumbo tangu usichana wake, na kadiri umri ulivyosogea hali ilizidi. Kutoka nyumbani Ilomba, Mbeya, alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mimi ni dereva wa malori, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nikitoka safari lazima nioge na kubadili nguo kwanza ndipo nimsalimie.

Bibi alipofariki kwao Ilula, mbele kidogo ya Iringa, mama alijikaza akapanda basi. Alitapika njia nzima. Alifika hoi, wakamkimbiza zahanati kutundikiwa dripu, na alipopata nguvu ya kusimama wenzake walikuwa wameshatoka makaburini. Kabla hajaweza kutembea mpaka huko alirudishwa Mbeya kwa taabu ileile, na tangu hapo hakuvuka Uyole, mwisho wa jiji. Hakuwahi kuliona kaburi la mama yake. Hakulizungumzia, ila kila alipopigiwa simu na mdogo wake aliyeko Iringa, aliuliza kama majani yameng'olewa.

Huyo mdogo wake, mama mdogo wangu, alifundisha fizikia sekondari mpaka alipostaafu. Mwaka jana alinipigia simu mimi.

"Nimenunua gari la umeme," alisema. "Nakuja kumchukua dada nimpeleke Ilula."

Nilicheka, nikasema, "Mama mdogo, hilo gari Mafinga litafika?"

"Mafinga litafika. Huko mbele ndiko ninakokutaka wewe. Njoo Iringa, nataka mtu anayeijua barabara."

Nilikwenda, kusema kweli ili nimzuie. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, limetumika, na betri yake ilikuwa imechoka kidogo. Alinieleza bila kuficha: barabara tambarare lingekwenda kilomita mia na thelathini kwa chaji moja, kwenye vilima pungufu ya hapo. Iringa mpaka Mbeya ni zaidi ya mia tatu, na vituo vya kuchajia njiani hakuna. Nilimwambia asubiri miaka mitano, vituo vitakuja.

"Dada ana sabini na moja," alinijibu. "Vituo vikija na yeye ameondoka, nitampakia nani?"

Asubuhi tukaanza safari, yeye kwenye usukani, mimi pembeni na kamba ya kuvutia gari niliyoificha chini ya kiti.

Kumbe alikuwa ameshapiga simu wiki nzima. Mafinga alitupokea fundi wa kuchomelea vyuma, mwanafunzi wake wa zamani, akachomeka waya wetu kwenye soketi ya karakana. Tukakaa hapo kwa muda wa karibu masaa matano. Mama mdogo alisahihisha hesabu za umeme alizokuwa amezichora fundi ukutani kwa chaki, na fundi, mtu mzima mwenye mvi, alisimama mikono nyuma kama yuko darasani. Jioni tulifika Makambako, tukalala nyumba ya wageni ya parokia, gari likiwa limechomekwa dirishani kwa sista mmoja aliyetuuliza swali moja tu, kama linanguruma likila. Tukamwambia halingurumi. Akaenda zake kulala.

Siku ya pili ndiyo iliyonibadilisha. Kutoka Makambako barabara inashuka kuelekea bonde la Usangu. Mteremko ule naujua kwa uchungu. Nimeushuka na mzigo wa tani thelathini, breki zikinuka, na nimewaona wenzangu walioshindwa kuumaliza. Mama mdogo aliondoa mguu kwenye kanyagio, gari likajizuia lenyewe taratibu, na namba ya chaji kwenye dashibodi, badala ya kushuka, ikaanza kupanda. Moja, kisha nyingine, kisha nyingine.

"Linafanyaje?" niliuliza.

"Mota inageuka kuwa jenereta. Uzito wetu ndio unaochaji betri." Kisha akaongeza, "Wewe miaka yote umekuwa ukishusha nguvu hii na kuichoma kwenye breki."

Niliinamisha kichwa nikaangalia ile namba mpaka tulipofika chini. Nilijisikia kama mtu aliyeishi na jirani miaka ishirini akaja kugundua leo kwamba ni ndugu yake.

Chimala tulifika vizuri, lakini umeme ulikuwa umekatika. Hapo tulikuwa tumepanga kuchaji kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mama mmoja, ili tupate nguvu ya kuupanda mlima wa Inyala. Mashine ilikuwa kimya, magunia ya mpunga kutoka Madibira yamepangwa mpaka mlangoni. Nilianza kufikiria kamba yangu. Mama mdogo alifungua chupa ya chai akammiminia mwenye mashine, wakaanza kuongea habari za mashamba.

Madereva walianza kukusanyika, wa pikapu, wa Noah za abiria, na mmoja wa lori ninayemfahamu. Waliuliza maswali ambayo ningeuliza mimi. Betri ikifa bei yake ni kiasi gani? Mvua je? Fundi yuko wapi?

"Betri ikifa ni hasara kubwa, siwadanganyi," mama mdogo alisema. "Fundi wa karibu yuko Dar es Salaam. Na leo kama mnavyoona, umeme umekatika nami nimekaa."

"Sasa mama, umefuata nini?" aliuliza yule wa lori.

"Dada yangu hawezi harufu ya mafuta."

Wa Noah akasema hata mke wake yuko hivyohivyo, huwa anatembea na kipande cha limau puani. Kisha wa lori akanigeukia. "Na wewe, kaka, ungebadilisha?"

Nilimwambia lori bado, sijaona la kunibebea mzigo mpaka Tunduma. Gari la nyumbani, ndiyo, soketi zikiwepo njiani. Nilishangaa kujisikia nikisema hivyo.

Umeme ulirudi saa nane mchana. Mwenye mashine alitaka kutuchomeka sisi kwanza. Mama mdogo akakataa akasema wenye mpunga wametangulia kufika. Ikatokea kwamba soketi ya ofisini ilitosha gari na mashine ikaendelea na kazi yake. Saa kumi na moja na nusu tukaondoka.

Mlimani aliendesha polepole nyuma ya malori yaliyolemewa, bila kupiga honi, bila kujaribu kuyapita. Namba ilianguka haraka. Tulifika Uyole na asilimia kumi na moja, Ilomba na sita. Mama alikuwa amesimama getini na khanga begani. Alilizunguka gari, akainama, akanusa mbele, akanusa nyuma, akafungua mlango akanusa ndani.

"Halina kitu," alisema.

Baada ya siku tatu niliwasindikiza, safari hii mimi nyuma na mama mbele. Nilikuwa nimeoga mara mbili. Mlima wa Inyala, tukiushuka, alishika mshikio kwa nguvu na uso ukabadilika. Mama mdogo akasimamisha gari pembeni mpaka mama aliposema twende. Hakutapika. Chimala alikula wali. Makambako alilala vizuri, na Mafinga alimuuliza fundi kama ameoa.

Ilula tulifika siku ya tatu, baada ya kulala Iringa, wanawake wauza nyanya wakikimbilia dirishani na ndoo zao, na mama akawajibu kwa Kihehe kabla hajashuka. Tulikwenda makaburini sote watatu. Majani yalikuwa yameng'olewa. Mama alikaa chini kwenye udongo, akavua viatu, akazungumza na mama yake kwa sauti ya kawaida, kama anayeendeleza mazungumzo yaliyokatizwa na mgeni. Mama mdogo alitaka kumwachia nafasi, akaanza kuondoka.

"Kaa," mama alimwambia. "Namweleza ulivyonileta."