Kengele ya Mlangoni

Shangazi Miwani anauza miwani, lakini yake mwenyewe huitafuta duka zima ilhali iko kichwani. Kila safari inaponipitisha mjini kwake, mimi hukaa naye. Hadithi hii alinisimulia akisugua lenzi ambayo tayari ilikuwa safi.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kukarabati ukumbi wa zamani wa hekalu la Wahindu, ule wenye nguzo za mbao zilizochongwa maua. Wazazi wake walifunga ndoa humo. Wadhamini walikuwa wameshamwambia: changisho likishindikana, kiwanja kinauzwa. Akaamua wafadhili waalikwe humo humo.

“Mtu hatoi pesa kwa picha,” alisema. “Akanyage sakafu kwanza.”

Asubuhi ya changisho, mpwa wake mhandisi alipanda ngazi, akaidunga boriti ya mlangoni kwa bisibisi. Ikazama hadi mpini.

“Shangazi, mchwa wameimaliza. Usimwingize mtu.”

“Wageni wako njiani, baba.”

“Basi warudi.”

“Wakirudi, ukumbi umekwenda.”

Mpwa akatoka mbio kutafuta nguzo za kuegemeza. Shangazi akafungua mlango.

Boriti ile ndiyo iliyobeba kengele, na hakuna aingiaye bila kuipiga. Jambo hilo, alilolifanya maisha yake yote, hakulikumbuka hadi mgeni wa kwanza alipovua viatu na kuinua mkono.

Kengele ikalia. Unga wa mbao ukamwagika. Mgeni akajipangusa bega.

“Mwenyekiti, leo mnatupaka poda?”

Shangazi akacheka naye. Wakaja wengine, na kwa kila mlio akaitupia boriti jicho. Mbaya zaidi, mama mzee wa mfanyabiashara wa saruji, mfadhili aliyetegemewa kuliko wote, alikuwa ameegeshwa na kiti chake cha magurudumu pale pale chini ya kengele.

“Mama, nikusogeze mbele uone vizuri.”

“Niache, mwanangu. Mbele kuna hotuba, hapa kuna upepo.”

Akamwacha. Angemlazimisha, wangeuliza kwa nini.

Hotuba zikaisha, mfanyabiashara akasimama. “Paa lote ni langu! Na msije mkasema nilinong'ona, naipiga kengele kwa nguvu zangu zote.”

Watu wakapiga makofi. Akaelekea mlangoni akikunja mikono ya shati. Alikuwa na mikono ya mtu aliyebeba mifuko ya saruji kabla ya kuiuza.

Mlio mmoja tu, Shangazi alijiambia. Boriti imevumilia milio yote hiyo, itavumilia na huu. Kisha akamwona bibi kizee ameinua uso, amefumba macho, anasubiri kumsikia mwanawe. Shangazi akaruka, akaukamata ulimi wa kengele kwa mikono miwili.

“Usipige! Boriti imeoza. Mtoe mama yako!”

Walitoka pekupeku, kila mmoja akitazama juu. Uani, mfanyabiashara akamgeukia.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu asubuhi. Mpwa wangu alinionya.”

“Na mama yangu ukamwacha pale.”

Mfanyabiashara akashika mpini wa kiti cha mama yake.

“Paa nitaliezeka, maana nimeshatamka mbele za watu. Ila funguo mpe mpwa wako.”

Alizitoa papo hapo. Mpwa, aliyekuwa amerudi na nguzo zake, akazipokea.

Ukumbi sasa umesimama imara, boriti ni mpya. Nilimuuliza kama huenda kusali.

“Nafika kizingitini,” alisema. “Nikisikia mtu anaipiga, miguu inanirudisha barabarani.”