Mkono Ulioita Wageni

Nilipoteleza kisimani, mkono wangu wa kulia ulivimba hadi vidole vikawa kama ndizi. Daktari Mtaliana wa Kismayu aliniagiza niuinue juu, huku nikikunja na kukunjua vidole, ili uvimbe ushuke. Niliporudi kwetu kisiwani Chovai nikakaa mlangoni nikifanya hivyo. Kila aliyepita alidhani namwita, akaingia, nami nikaona haya kumfukuza. Adhuhuri haijafika, kahawa ikaisha.

Mara akatokea mavyaa, mama wa mume wangu, ambaye hakukanyaga kwangu tangu tugombane. Akajikalia mkekani.

“Madhali umeniita mwenyewe, mwanangu, nimekusamehe,” akasema.

Mimi nilijua kosa lilikuwa lake. Lakini alinipikia siku tisa, mpaka pete ikaingia tena kidoleni.